Jinsi ya kupima kama mrushaji mstaafu anastahili Ukumbi wa Heshima wa besiboli

Ubishi wa besiboli hapa Dar, kuanzia wanaocheza Azania hadi wanaokesha (mechi ya saa 1 jioni New York, majira yao ya joto, kwetu huanza saa 8 usiku), hukwama palepale: mrushaji (anayemtupia mpira mpigaji) kashinda mechi ngapi? Hesabu hiyo iache iwe ya mwisho.

Hakikisha kwanza jina linaruhusiwa: misimu 10 ligi kuu ya Marekani, miaka 5 tangu astaafu. Kuingia ni asilimia 75 ya kura za waandishi. Chini ya asilimia 5, jina linafutwa.

Kisha tafuta wastani wa ran (alama), yaani ERA; ukiwa mdogo ndiyo bora. Chukua ran alizofungwa, toa zilizotokana na makosa ya wadakaji, zidisha kwa 9 (ininga, yaani vipindi, za mechi nzima), gawanya kwa ininga alizorusha. Sandy Koufax: 713 × 9 ÷ 2,324.33 = 2.76. Wengi hukosea hapa: takwimu huandika ininga zake 2,324.1, lakini hiyo .1 ni theluthi moja ya ininga (wapigaji watatu wakitolewa, ininga imeisha), si sehemu ya kumi.

Usiishie hapo. Koufax alinufaika na Dodger Stadium, uwanja uliowapendelea warushaji, na zama za kilima kirefu cha kurushia, kilichoshushwa mwaka 1969 kutoka inchi 15 hadi 10. Tumia ERA+, inayosawazisha uwanja na zama. 100 ni mrushaji wa kawaida; ikizidi, ni bora. Koufax ana 131. Johan Santana ana 136.

Sasa ushindi. Kipa anaweza kuokoa michomo kumi na bado timu ikalala 1-0. Mrushaji naye hivyohivyo. Mwaka 2005 Bartolo Colón alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, kwa ushindi 21 na wastani wa 3.48. Santana alikuwa na 2.87, ila ushindi 16 tu. Tuzo hiyo aliichukua 2004 na 2006, na 2018 akafutwa kwa asilimia 2.4. Alionewa kabisa.

Pima kilele (miaka yake bora) na urefu wa kazi yake kando kando. Koufax, ushindi 165, aliingia kwa kilele. CC Sabathia, wastani wa 3.74 lakini straikauti (wapigaji aliowatoa kwa kukosa mpira mara tatu) 3,093, aliingia 2025 kwa kudumu. Mlango mmoja unatosha.

Suala la dawa za kuongeza nguvu liamue kabla ya kufungua takwimu. Roger Clemens, aliyehusishwa nazo, Cy Young 7, aliishia asilimia 65.2 mwaka 2022. Msimamo wowote utakaouchukua, utumie kwa kila jina.