Kusoma umbo la fangasi kwenye hadubini: hatua kwa hatua

Wenzangu wa maabara, jibu la "fangasi wameonekana" peke yake halimsaidii sana daktari. Fangasi yuleyule anaweza kukaa mwilini kimya akiwa na umbo moja alafu akaua akishabadilika, kwahiyo umbo ndo habari yenyewe na lazima liandikwe. Mi nafanya hivi.

Hatua ya 1. Weka sampuli kwenye slaidi na tone la potasiamu haidroksaidi, 10% kwa magamba ya ngozi, 20% kwa kucha. Funika na kava slipu, subiri dakika 10 mpaka 20. Unaweza kupasha moto kidogo ila isichemke.

Hatua ya 2. Angalia kwa lenzi ya 10 kisha 40: ni chachu, yani viduara vinavyochipua, au ni nyuzi? Hapa usikimbie. Candida albicans, fangasi wa kawaida mwilini, akiwa chachu anaishi mdomoni, tumboni na ukeni kwa watu wengi bila shida yoyote, na chachu hiyohiyo ikiingia kwenye damu inasambaa kirahisi. Akitoa nyuzi ndo anaanza kupenya, ncha ya uzi inasukuma kuingia kwenye seli na uzi unatoa sumu inaitwa kandidalaisini, iliyogunduliwa 2016, inatoboa utando wa seli. Hata akimezwa na seli nyeupe anaweza kurefuka humohumo ndani akaipasua akatoka. Lakini msije mkasema chachu nzuri nyuzi mbaya! Kwenye panya wa utafiti, Candida aliyebadilishwa vinasaba akabaki chachu tu alishindwa kuua, na aliyebaki nyuzi tu naye akashindwa, yani ukali wake uko kwenye kuweza kubadilika. Na Candida glabrata hatoi nyuzi za kweli kabisa ila kwenye damu anaua vizuri tu. Pia Candida kwenye makohozi, hata mwenye nyuzi, mara nyingi ametoka mdomoni, sio ugonjwa wa mapafu.

Hatua ya 3. Candida akishaota kwenye sahani, chukua koloni (kirundo cha fangasi) changa kidogo sana, changanya na nusu mililita ya seramu (maji ya damu), weka 37°C kwa saa 2 mpaka 3, usizidishe. Kimrija, yani mwanzo wa uzi unaochomoza kwenye chachu, kikitoka bila kubanwa pale shinani, hapo ni albicans au ndugu yake dubliniensis. Kikibanwa shinani ni nyuzi bandia, andika hasi. Ukijaza chachu nyingi vimrija havitoki na utadanganyika.

Hatua ya 4, na hii naisisitiza kuliko zote. Ukiona nyuzi kwenye tishu, pima upana. Nyembamba, mikromita 3 mpaka 6, zenye vigawanyo (kuta za ndani zinazokata uzi) na matawi yenye pembe ya kama digrii 45, fikiria Aspergillus, aina ya ukungu, ambaye spora zake (chembe za kuzaliana) ni ndogo kiasi cha kufika mwisho kabisa wa mapafu ila madhara yanaanza zikiota. Pana, zilizokunjamana kama utepe, vigawanyo vichache mno, matawi ya karibu pembe mraba, hao ni kundi la ukungu liitwalo Mucorales. Wanaingia ndani ya mishipa ya damu, damu inaganda, tishu inakufa na kuwa nyeusi, na dawa ya vorikonazoli haiwagusi. Usisubiri kuotesha, mpigie daktari saa hiyohiyo.

Hatua ya 5. Maji ya uti wa mgongo yachanganye na wino mweusi wa India. Kryptokokasi, chachu inayoleta homa ya uti wa mgongo, anaonekana na duara jeupe kumzunguka, hilo ni kapsuli, linamkinga asimezwe. Mapafuni wengine wanakua mikromita zaidi ya 10, wakubwa mno kumezwa. Wino ukiwa hasi bado fanya kipimo cha antijeni (kinachotafuta vipande vya fangasi mwenyewe), kinakamata wengi zaidi.

Hatua ya 6. Fangasi Histoplasma na Coccidioides kwenye joto la kawaida ni ukungu wenye spora, mwilini Histoplasma anakuwa chachu ndogo ndani ya seli nyeupe, Coccidioides anakuwa mpira uliojaa vimbegu. Mgonjwa hakuambukizi kwa kukohoa, ila sahani ya ukungu wake ukiifungua mezani unavuta spora mwenyewe. Ukimshuku mmojawapo tu, ziba sahani na ipeleke maabara yenye usalama wa ngazi ya 3.

Hatua ya 7. Andika umbo, upana, vigawanyo, wingi, na kama nyuzi zimo ndani ya tishu au juu tu.