Kununua Morris ya Zamani ya Kufufua: Kagua Bodi Kabla ya Injini

Mara kwa mara hapa Mwanza husikika kwamba familia fulani inauza Morris Minor, Austin Cambridge au Ford Cortina ya marehemu mzee wao, gari ambalo limesimama uani kwa miaka mingi na kugeuka makazi ya kuku. Muuzaji huanza kwa kuisifu injini, na mnunuzi naye hukimbilia kufungua boneti. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia, kwa sababu injini iliyokufa hutengenezeka, ilhali bodi iliyooza huendelea kula fedha hata baada ya rangi mpya kupigwa.

Chukua Morris Minor, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na kuwa gari la kwanza la Uingereza kuvuka mauzo ya milioni moja. Injini yake ya sentimita za ujazo 948, na ile ya 1,098 iliyofuata mwaka 1962, ni za ukoo mmoja na injini ya Mini. Ndiyo maana spea zake bado zinatengenezwa, na fundi mchongaji mzoefu hashindwi kuchonga silinda zake. Bodi ni habari nyingine. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama lori: sakafu, vizingiti vya milango na mihimili ya mbele vimechomelewa kuwa kitu kimoja, na hicho ndicho kinachobeba uzito wote.

Nenda kukagua asubuhi, na ukikuta gari ndiyo kwanza limeoshwa, subiri likauke, maana maji huficha mawimbi ya rangi. Beba tochi, bisibisi, mkeka wa kulalia na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi. Pitisha sumaku taratibu kwenye kizingiti cha mlango, kutoka mbele kwenda nyuma. Penye bati utausikia mvuto vidoleni. Penye puti nene, yaani udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, sumaku huteleza na kuanguka. Kisha lala chini uangalie boriti inayopita chini ya viti vya mbele, ambako ncha za nyuma za fito za springi za mbele zimefungwa, na mahali springi za nyuma zinaposhikwa kwenye bodi. Kutu ikiwa imekula sehemu hizo, punguza bei kwa kiasi kikubwa au uondoke. Mwisho, omba ruhusa ya kuliinua gari kwa jeki upande mmoja: mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugoma, bodi inapinda.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kununua Austin bila kulala chini. Rangi ilikuwa inang'aa na injini iliwaka kwa mguso wa kwanza. Nilipofika nyumbani nikabonyeza kizingiti cha kushoto kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini, na kutoka ndani nikavuta magazeti yaliyoshindiliwa na kufunikwa kwa puti. Kazi ya kuchomelea bati jipya ilinigharimu kuliko gari lenyewe.

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hewa yake haina chumvi inayoyala magari ya Tanga au Zanzibar. Hata hivyo, uliza gari lilifanya kazi gani. Gari la saluni lililobeba samaki wa chumvi kutoka soko la samaki la Mwaloni hadi minadani huwa limeoza chini ya buti, na zulia jipya la buti ni sababu tosha ya kulifunua.

Baada ya bodi, hesabu vitu vilivyopo. Grili, taa, vitasa, vioo na saa ya mwendo ni vigumu kupatikana kuliko pistoni, kwa hiyo gari bovu lililokamilika ni bora kuliko gari linalotembea huku nusu ya vitu vyake vimeng'olewa. Ukiambiwa kuwa vingine viko stoo, viombe uvione, uviorodheshe kwenye mkataba na uvipakie siku hiyohiyo.

Karatasi zisiachwe hadi mwisho wa mazungumzo. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye gari na ile ya kwenye kadi. Ikiwa mwenye kadi amefariki, anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mjane na watoto wote wamekubaliana kwa mdomo. Bila barua ya mahakama ya kumteua utakwama Mamlaka ya Mapato (TRA) wakati wa kuhamisha umiliki, na ndugu mmoja aliyekuwa mbali anaweza kurudi kudai gari.

Ukishalifikisha nyumbani, usikubali vijana walisukume ili liwake. Magari mengi ya aina hii ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 hufungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, na fundi umeme aliyezoea magari ya Kijapani akiigeuza bila kujua anaweza kuunguza vifaa. Boliti nazo hupimwa kwa inchi. Spana ya milimita itazila pembe zake. Mwaga petroli yote ya zamani. Usiamini breki hata kidogo: masta silinda ya Minor, yaani pampu kuu ya breki, imefichwa ndani ya mhimili chini ya miguu ya dereva, na mafuta ya breki yaliyokaa miaka hunyonya unyevu na kuitia kutu kwa ndani. Kisha toa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, acha siku mbili, na uzungushe injini kwa mkono, polepole. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena; usiilazimishe kwa kuivuta na gari lingine.