Mkojo Unaporudi Kwenye Figo: Namna ya Kumtunza Mtoto Mchanga

Mtoto aliyepata maambukizi ya njia ya mkojo angali mchanga huenda ana hali ambayo mkojo, badala ya kutoka wote, hupanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo. Mara nyingi ni maumbile: mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo una sehemu inayopita ndani ya ukuta wa kibofu, nayo ni fupi mno, hivyo haibanwi sawasawa kibofu kinapojikamua. Hatari kubwa ni mkojo huo kupanda na vijidudu, kwa kuwa figo changa hupata makovu yanayoweza kuleta presha baadaye.

Kwa hiyo homa ya mtoto huyu haisubiri kupambazuka. Hapa Mombasa, hasa wakati wa kaskazi, ni rahisi kusema mwili umechemka kwa sababu ya joto la nyumba. Tafadhali usikisie, mpime kwa kipimajoto. Akiwa chini ya miezi 3 na homa imefika nyuzi 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama unakaa Likoni na itabidi mvuke feri usiku. Kukataa ziwa, kutapika na kulegea ni dalili pia, hata bila homa.

Ukifika, eleza kwamba aliwahi kuugua mkojo, na uombe mkojo upimwe na kuoteshwa maabara (ili vijidudu vilivyomo vikue na kutambuliwa) kabla ya antibiotiki, ila akiwa mahututi dawa isicheleweshwe. Mfuko wa kubandika hukusanya vijidudu vya ngozi na kupotosha majibu. Ni afadhali muuguzi atumie mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo, au mkojo ukingwe: msafishe mtoto, mpakate juu ya leso, umsugue taratibu chini ya kitovu kwa pamba iliyochovywa maji baridi, huku mwenzako ameshika kikopo safi cha maabara bila kugusa ndani yake. Kazi hii inahitaji subira.

Kipimo cha kwanza huwa altrasaundi. Daktari akiona haja, kibofu hujazwa dawa maalumu kupitia mpira, kisha mtoto hupigwa picha za eksirei akikojoa. Hapo ndipo hali hupangwa kuanzia daraja la 1 hadi la 5. Madaraja ya chini mara nyingi huisha yenyewe mtoto akikua. Ya juu huenda yakahitaji upasuaji.

Akiandikiwa antibiotiki ya kinga ya kila usiku, ipime kwa bomba la dawa, si kijiko cha chai, na usiiache kwa kuwa mtoto amechangamka. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo uliza upya kila anapopimwa kliniki. Kwa wavulana, tohara hupunguza maambukizi, lakini daktari ahakikishe kwanza kwamba tundu la mkojo liko mahali pake. Hali hii hufuata ukoo. Ukijaliwa mwingine, mwambie daktari mapema, na homa yake ya kwanza ipimiwe mkojo.