Kutafuta uga wa umeme wa chaji mbili, hatua kwa hatua

Hesabu za uga wa umeme, yaani kani ambayo kila kulomu moja ya chaji chanya ingepata mahali fulani, huharibika pale mtu anapoikimbilia fomula kabla ya kuchora mishale. Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Chaji A ni +4 × 10⁻⁶ C (C ni kulomu, kipimo cha chaji). Chaji B ni −1 × 10⁻⁶ C, nayo iko sentimita 30 kulia kwa A. Tunatafuta uga katika nukta P, katikati yao.

Hatua ya 1: Chora mishale. Uga hutoka kwenye chaji chanya na kuingia kwenye chaji hasi. Hapo P, mshale wa A unaelekea kulia kwa sababu unaiacha A. Wa B nao unaelekea kulia kwa sababu unaifuata B. Baada ya hapo alama za chanya na hasi zimemaliza kazi. Usiziingize tena kwenye fomula.

Hatua ya 2: Tafuta ukubwa. E = kq/r²: E ni ukubwa wa uga, q ni ukubwa wa chaji, r ni umbali kutoka kwenye chaji hiyo, na k ni namba isiyobadilika, takriban 9 × 10⁹ N·m²/C². Umbali ni mita 0.15, mraba wake 0.0225. A inatoa 1.6 × 10⁶ N/C; B, robo yake, 0.4 × 10⁶ N/C.

Hatua ya 3: Jumlisha. Mishale inaelekea upande mmoja, kwa hiyo jibu ni 2 × 10⁶ N/C kulia.

Hatua ya 4: Weka chaji ya tatu. Mpaka sasa P ilikuwa tupu, na bado uga ulikuwepo. Huo ni uga wa A na B, si wa chaji itakayokuja. Nakusihi ulishike hili kuliko fomula yoyote. Weka −2 × 10⁻⁶ C hapo: kani F = qE ni nyutoni 4, kuelekea kushoto, maana chaji hasi husukumwa kinyume cha uga. Weka +2 × 10⁻⁶ C badala yake, kani inageukia kulia. Ilimradi A na B hazijasogea, uga wao ni uleule.

Hatua ya 5: Uga ni sifuri wapi? Wengi hutafuta kati ya A na B, lakini huko mishale yote inaelekea kulia, haiwezi kufutana. Kushoto kwa A inapingana, ila A ni kubwa na iko karibu zaidi, hivyo inashinda daima. Inabaki kulia kwa B. A ina ukubwa mara nne, kwa hiyo umbali wake uwe mara mbili ya ule wa B: sentimita 60 kutoka A, 30 kutoka B. Hakiki kwa kq ÷ r²: kwa A, 36,000 ÷ 0.36 ni 100,000. Kwa B, 9,000 ÷ 0.09 ni 100,000.