Namna ya kujua mafuta yaliyojificha kwenye mzigo wako wa China

Wadau wa Ngamiani hapa Tanga mnaouza madera, mabeseni na ndala, kila EWURA (wadhibiti wa bei za mafuta) wakitangaza bei mpya jumatano ya kwanza ya mwezi sisi tunaangalia petroli tu, bodaboda atapandisha nauli au la, basi imeisha. Kumbe kuna mafuta mengine tunayanunua kila siku na hayajawahi kupita sheli.

Anza na nguo. Vuta uzi mmoja kwenye pindo la dera kwa ndani, ushike na kibano, uuchome juu ya sahani ya bati. Ukijikunja ukayeyuka halafu ukaacha kidonge kigumu cheusi, hiyo polista, imetoka kwenye mafuta. Ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba au reyoni (uzi unaotokana na miti). Usimsikilize muuzaji anayeimba kotoni kotoni, choma uzi. Beseni na ndala hazihitaji kipimo, plastiki nyingi inatokana na mafuta au gesi.

Sasa fuata njia ya mzigo. Umeme wa viwanda vya China mwingi unatokana na makaa ya mawe, kwa hiyo huo usiuhesabu kwenye mafuta, hapa wengi wanachanganya. Meli ndo inachoma mafuta hasa, na tangu 2020 sheria inataka yenye salfa isiyozidi 0.5% wakati zamani ilikuwa 3.5%, au meli ifungwe mtambo wa kusafisha moshi, na yote mawili ni gharama, kwa hiyo ukiona ajenti kakuwekea nyongeza ya mafuta kwenye invoisi usishangae. Lakini meli moja inabeba maelfu ya makontena, ukigawanya kwa beseni moja ni kidogo mno. Ndege ndo inakula vibaya, iachie sampo tu, mzigo wenyewe upeleke kwa meli, unalipia kwa CBM (mita za ujazo). Na muulize ajenti kama kontena linaweza kushukia Tanga badala ya Dar, bandari yetu imechimbwa kina na siku hizi meli kubwa zinafunga gatini, matishari siyo lazima tena, unaokoa dizeli ya lori.

Kiwanda hakiwashi mashine bila oda, na oda ni mteja wako anayetaka dera jipya la Idi. Mteja akihama, kazi inakufa, sisi watu wa Tanga tunalijua hili kwa uchungu, maana 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, baadaye wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakitumia kamba zake wakahamia kamba za polipropilini zinazotokana na mafuta, mashamba mengi yakalala (siyo sababu pekee lakini ilitumaliza).

Ukisikia mafuta ghafi yamepanda, bei ya polista na plastiki huwa inafuata baadaye kidogo, kwa hiyo uliza kiwandani bei mpya kabla hujakusanya hela za oda, maana mteja ukishamtajia bei ya dera, habari za mapipa ya mafuta hataki kuzisikia.