Godoro kwanza, tepu baadaye: kupima na kuchora kitanda cha tano kwa sita

Mteja akifika hapa Keko akaniambia, "Fundi, nataka tano kwa sita," swali langu la kwanza si la mbao wala rangi. Namuuliza, "Godoro unalo?" Akisema analo, naomba nikalione. Akisema atanunua, namwambia anunue kwanza halafu aje. Wapo wanaokunja uso, wanaona fundi anawazungusha. Siwalaumu, ila somo hilo mimi nimeshalilipia.

Nilipoanza kujitegemea nilitengeneza kitanda cha mninga cha mama mmoja wa Mbagala. Futi tano ni sm 152.4, futi sita ni sm 182.9. Nikapiga hesabu, nikaongeza kidogo, nikakata. Tukakipakia kwenye kirikuu, tukakifunga chumbani kwake, godoro likaletwa. Likagoma. Lilizidi upana kwa vidole viwili, likatuna katikati kama mgongo wa kobe. Mama hakugomba. Alisema tu, "Baba, godoro lilikuwa humu ndani siku zote, hukuja kuliona." Vitakizo vyote viwili vikarudi karakana, mbao nyingine nikanunua kwa hela yangu.

Tano kwa sita ni jina tu. Godoro lenyewe linaweza kuwa chini au juu ya hapo. Kwa hiyo lipime upana mahali patatu: kichwani, katikati na miguuni. Usilishike na tepu moja kwa moja, sponji inabonyea na utapata kipimo cha uongo. Simamisha ubao ulionyooka kila upande, uguse bila kusukuma, halafu pima kati ya mbao hizo mbili. Godoro la mteja wa wiki iliyopita lilinipa 151.5, 152, kisha 151.5 tena. Nikachukua 152. Urefu ulikuwa 183. Nikaongeza sm 2.5 upana na sm 3 urefu ili kiganja kipite wakati wa kuchomeka shuka. Nafasi ya ndani ikawa sm 154.5 kwa sm 186, na ndizo namba nitakazotumia hapa chini.

Kabla ya kuendelea, majina. Vijana siku hizi wanasema mguu, ubao wa ubavuni, ubao wa mbele. Mjomba aliyenifundisha kazi alikuwa na majina yake na mimi sijayaacha: tendegu ni mguu, mfumbati ni ubao mrefu wa ubavuni, kitakizo ni ule mfupi wa kichwani au miguuni, na chaga ni vile vibao vya kubeba godoro. Matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili. Ukisema "lete ubao wa pembeni" katika karakana yenye watu watatu, utaletewa usioutaka.

Sasa tepu. Angalia kile kikucha cha bati pale mwanzoni. Kinachezacheza, na ndivyo kilivyotengenezwa. Kinasogea kiasi cha unene wake: ukikining'iniza kwenye ncha ya ubao kinavutika, ukikisukuma ndani ya kona kinarudi, na vipimo vyote viwili vinakuwa sawa. Kijana wangu mmoja aliona kinalegea akakigonga kwa nyundo kikaze, akaja kwangu akitabasamu. "Mzee, nimekutengenezea tepu." Tepu ile sasa inapima vitambaa. Ukiishuku yako, anza kusoma kutoka alama ya 10 badala ya kikucha, kisha toa 10 mwishoni. Hiyo kutoa ndiyo watu wanaisahau, na wanapata ubao uliozidi urefu kwa sentimita kumi kamili. Mimi huandika "-10" kwenye ubao wenyewe kabla sijaweka tepu.

Jambo jingine: kazi moja, tepu moja. Tepu mbili zikitofautiana milimita moja, na mkata vitakizo anatumia hii na mkata mifumbati ile, pembe hazitakutana na kila mmoja ataapa kwamba alipima.

Ila dawa yenyewe ni kuitumia tepu mara chache iwezekanavyo. Kila ukisoma namba, ukaikariri, ukatembea hadi kwenye meza ya msumeno na kuichora, umejipa nafasi tatu za kukosea. Mjomba alikuwa na ufito. Kipande cha mbao nyembamba, inchi moja kwa nusu inchi, kimerandwa pande zote. Vipimo vyote vya kitanda vinachorwa hapo mara moja, kwa utulivu, asubuhi, kabla ya kelele za mashine. Uso mmoja wa ufito wangu una urefu: alama ya sm 186, bega hadi bega, halafu sm 5 za ulimi, yaani ncha iliyopunguzwa unene ili iingie kwenye tundu la tendegu, kila upande. Uso wa pili una upana: 154.5, na ulimi vilevile. Uso wa tatu ni tendegu: kimo chake, mfumbati unaanzia wapi na kuishia wapi. Baada ya hapo sisomi namba. Nalaza ufito juu ya ubao, nahamisha alama, basi.

(Bega ni pale ubao mzima unapokomea na ulimi unapoanzia. Mimi hukalisha mifumbati na vitakizo usawa na nyuso za ndani za tendegu, kwa hiyo bega hadi bega ndiyo nafasi ya godoro. Ukivipeleka katikati ya tendegu, hesabu inabadilika.)

Usichore chochote kwenye ubao ambao haujarandwa, na paini ikiwa bado mbichi iache ikauke kwanza. Husinyaa kwa upana na unene, kwa urefu ni kidogo mno hata huoni. Ndiyo maana ulimi uliouchora juu ya ubao mbichi utakuja kulegea tunduni ingawa mfumbati wenyewe haukupungua urefu. Mninga ni mtulivu zaidi, lakini nao usiuamini ukiwa na maji.

Randa uso mmoja hadi unyooke, uwekee alama. Mimi huchora kitu kama mkia wa samaki. Randa ubavu mmoja, uhakikishe umekaa mraba na ule uso, nao uwekee alama. Kuanzia hapo skwea (ya kuchorea pembe mraba) na geji (ya kuchorea mstari unaofuata ukingo wa ubao) vinaegemea nyuso hizo mbili tu, katika kila ubao, hadi kazi iishe. Ukiegemeza skwea leo upande huu, kesho upande ule, mistari haitakutana ukizunguka ubao, maana pande zile nyingine huenda hazilingani.

Skwea yenyewe unaijua vipi kama haidanganyi? Iegemeze kwenye ubao wenye ubavu ulionyooka, chora mstari. Igeuze ielekee upande wa pili, isogeze kwenye mstari uleule, chora tena. Mistari ikilaliana, iko sawa. Ikiachana juu kama mkasi, skwea ina kosa, na nafasi unayoiona ni mara mbili ya kosa hilo. Skwea iliyowahi kudondoka kwenye sakafu ya zege ipime siku hiyohiyo.

Mabega nayachora kwa kisu, penseli inabaki kwa mambo ya jumla. Mstari wa penseli iliyobutuka una upana wa milimita nzima, na hujui ukate kulia kwake, kushoto au katikati. Kisu kinaacha mfereji mwembamba, na ukiiweka patasi pale inaingia yenyewe, unausikia mkono ukitulia. Fanya hivi: funga mifumbati yote miwili pamoja kwa klampu, nyuso zenye alama zikitazama nje, ncha zikiwa sawa. Laza ufito juu, choma alama ndogo kwa ncha ya kisu kwenye bega la kushoto na la kulia. Ondoa ufito. Ingiza kisu kwenye ile alama, sukuma skwea mpaka iguse kisu, ndipo uvute mstari kupita mbao zote mbili kwa mkupuo mmoja. Usipange skwea kwa macho kisha ukalete kisu. Halafu fungua klampu, zungusha mstari kwenye kila ubao. Sasa hata kama ufito ulikosea, mifumbati imekosea pamoja, na kitanda kitakaa sawa.

Upande wa kutupa piga X kubwa. Msumeno wa mkono unakula kama milimita 2, wa mashine karibu 3, na ulaji huo uangukie kwenye X.

Kwa unene wa ulimi nina geji niliyojitengenezea: kipande cha mninga cha kushika kiganjani, kijiti kinachopita katikati yake kwa kubana, skrubu ya kukikaza, na msumari wa inchi moja uliochongwa kwa tupa ukawa na makali kama kisu kidogo. Kanuni ni ulimi uwe karibu theluthi ya unene wa ubao. Mfumbati wangu ukirandwa unabaki sm 4.5, theluthi ni 1.5. Lakini tundu utalichimba kwa patasi, na patasi haijui theluthi. Chukua iliyo karibu, yangu ni ya milimita 16, na hiyo ndiyo iwe kipimo. Gonga makali yake kidogo kwenye kipande cha taka, panga geji kwenye ncha ya kwanza ya kovu, chora ulimi wote na matundu yote kwa mpangilio huo, kisha hamia ncha ya pili. Hapa pia hakuna namba.

Chaga ndizo zilizonitia aibu zaidi baada ya lile godoro. Nilikata ya kwanza, nikaitumia kuchora ya pili, ya pili ikachora ya tatu, hivyohivyo hadi kumi na mbili. Kila moja ilibeba unene wa penseli. Ya mwisho ilizidi ya kwanza kwa karibu sentimita, haikuingia. Tangu hapo ya kwanza naiandika MAMA kwa kalamu nyekundu, na ndiyo pekee inayochora wengine wote. Naikata sm 154, nusu sentimita pungufu ya nafasi, zisilie usiku.

Kupanga nafasi kuna utamu wake. Urefu wa ndani sm 186, chaga 12 za upana wa sm 9, zinakula 108. Zinabaki 78, na nafasi ni 13 ukihesabu za mwanzo na mwisho: sita sita. Usipime sita kutoka kila chaga, maana milimita moja ya kosa itakuwa kumi na tatu ukifika mwisho. Shika tepu palepale mwanzoni, usiiinue, chora kwenye uso wa nne wa ufito pale kila chaga inapoanzia: 6, 21, 36, 51, ukiongeza 15 kila mara hadi 171. Halafu hamishia kwenye vile vibao vya kubebea chaga, vyote viwili vikiwa vimefungwa pamoja.

Siku ya kufunga, kabla gundi haijakauka, linganisha pembe kwa pembe. Kwa kitanda hiki ni kama sm 241.8, lakini mimi sitafuti hiyo. Nashika vijiti viwili vyembamba vilivyochongwa ncha, navipishanisha hadi viguse kona mbili, navibana kwa vidole, navipeleka kona nyingine. Vikipwaya au vikigoma, nabana klampu kwenye zile kona mbili zilizo mbali zaidi hadi viingie pote sawasawa.

Ufito nautundika darini na jina la kazi juu yake. Mmoja ulichukuliwa na mama lishe wa jirani akawashia jiko la mkaa, mteja akarudi baada ya miezi miwili akitaka kingine kama kile cha kwanza. Siku hizi ncha zote napaka rangi nyekundu, na mama lishe ameshaonywa.