Jinsi ya kukadiria bei ya kaboni katika gharama za moto wa nyumbani

Mwezi wa sita ukiingia Lubumbashi, na baridi ya alfajiri ikawafanya watoto waizunguke mbabula, jiko letu la makala, hata baada ya chai kuiva, gunia la makala huisha mapema kuliko mama mwenye nyumba alivyopanga. Ndipo watu huniuliza kama bei ya kaboni inayotajwa redioni, yaani malipo yanayowekwa juu ya hewa ukaa inayotoka vitu vikiungua, itapandisha bei ya makala. Jibu hupatikana kwa mizani na kalamu.

Hatua ya kwanza: elewa hesabu pale inapotozwa. Bei ya kaboni hupangwa kwa tani ya hewa ukaa, kwa hiyo mzigo wa kila nyumba hufuata kiasi cha hewa inayotoka kwenye nishati yake. Huko Uswisi, tangu 2022, mafuta ya kupashia nyumba joto hutozwa faranga 120 za nchi hiyo kwa tani. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.65 za hewa hiyo. Zidisha kwa 120, gawanya kwa 1,000, upate kama faranga 0.32 kwa lita. Nyumba inayochoma lita 1,500 kwa mwaka hulipa karibu faranga 477. Usiishie hapo, maana wengi hukosea hapa: takriban theluthi mbili za makusanyo hurudishwa kwa wakazi na makampuni, na kila mkazi hupunguziwa kiasi kilekile katika malipo ya bima ya afya. Anayechoma kidogo anaweza kurudishiwa zaidi ya alicholipa.

Hatua ya pili: pima makala yako. Hapa kwetu makala hayatozwi ushuru wa kaboni; bei yake hupandishwa na umbali wa kufika kwenye misitu ya miombo iliyobaki, na barabara za majira ya mvua, na umeme unapokatika kila jirani akatafuta makala. Kwa siku saba, pima asubuhi ndoo ya makala ya siku nzima, na usiku pima yaliyobaki, pamoja na vipande vilivyozimwa ili vitumike kesho; tofauti ndiyo matumizi ya siku. Vipande vilivyozimwa kwa maji vikaushe kwanza, la sivyo uzito utakudanganya.

Hatua ya tatu: rudia kipimo kwa jiko bora, yaani lile lililotengenezwa litumie makala machache. Nyumba ikishuka kutoka kilo 3 hadi kilo 2 kwa siku, inaokoa kilo 365 kwa mwaka. Zidisha kilo hizo kwa bei ya kilo moja ujue fedha ulizookoa; ili upate bei hiyo, gawanya bei ya gunia kwa uzito wake, ukiwa umetoa vumbi la chini.

Hatua ya nne: soma karatasi ya mapatano ya jiko kabla ya kutia sahihi. Hapa ndipo bei ya kaboni hutufikia, kwa sura ya punguzo: mradi wa majiko huuza nje krediti za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyozuiwa isitoke, kisha hutumia sehemu ya fedha hizo kushusha bei ya jiko, nawe humwachia mwenye mradi haki ya krediti. Naona mapatano hayo ni ya haki iwapo tu karatasi inasema nani atatengeneza udongo wa ndani ya jiko ukipasuka, na kwa muda gani.

Mwezi ukipita, kama sufuria ya bukari (ugali) haikai vizuri kwenye jiko jipya na mbabula ya zamani bado inawashwa kila jioni, pima tena kwa siku saba majiko yote mawili yakitumika, na uchukue hesabu hiyo badala ya ile ya kwanza.